Wengineo

Fomu ya mwaka huu ina visanduku vitatu:
Walimu. Waendeshaji. Wengineo.
Aune Kettunen, miaka ishirini na sita katika maktaba hii
ya chuo cha umma, kaskazini mwa Minnesota,
kaweka alama kwenye kile cha tatu
bila hata kuvaa miwani.

Theluji imefika kwenye vioo vya chini.
Gari lake liko ng'ambo ya uwanja wa hoki,
maana kibandiko cha njano ni cha wanaofundisha,
chetu ni cha kijivu.
Rangi ya vumbi, husema Aune,
angalau hapo wametutambua.

Nani kasema hafundishi?
Jumanne alikuja kijana wa uuguzi, macho mekundu,
na swali moja: dozi gani
kwa mtoto mwenye figo moja?
Mtandao ulishampa majibu elfu arobaini.
Aune hakuongeza la kwake. Alivuta kiti.
Nani kaandika hili? Kalipwa na nani?
Kapima watoto wangapi?
Saa nne usiku kijana akaangua kicheko:
utafiti alioushikilia wiki nzima
ulipima panya kumi na wawili.

Somo hilo halina jina kwenye ratiba.
Katika daftari za mhasibu usiku ule unaitwa
huduma ya kaunta.

Profesa Engebretson, bingwa wa historia ya migodi,
katika kitabu chake kinene kamshukuru mkewe,
kamshukuru mbwa wake,
kawashukuru "mabinti wa maktaba."
Binti ana miaka hamsini na tisa.
Binti ndiye aliyeifukua barua ya mchimbaji
ndani ya sanduku lililoandikwa *risiti za makaa*,
akaisoma kwa Kifini cha bibi yake,
akaitafsiri, akampelekea ofisini.
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Haya. Na aliyekinoa?

Alhamisi, hoja ikafika seneti:
wakutubi wahesabiwe miongoni mwa walimu,
wapige kura, wapate likizo ya utafiti,
wasifukuzwe bila sababu.
Mtu wa kemia akasimama.
"Nawapenda sana wakutubi," akasema, "lakini"
(hiyo *lakini* naijua,
hukaa kiti cha mbele kila mkutano)
"tukianza hivi, kesho tutampa nani cheo? Mpishi?"
Marisol wa jikoni, aliyekuwa akimimina kahawa,
akaweka birika chini polepole.

Aune hakutaja shahada zake mbili.
"Mwaka juzi," akasema, "ilikuja simu kutoka juu.
Niondoe rafu moja, kimyakimya, kabla ya Ijumaa.
Nikasema hapana.
Siku kumi na moja nililala na barua ya kufukuzwa
iliyokuwa haijaandikwa.
Rafu ipo. Nendeni mkaione, ghorofa ya pili, kushoto.
Siombi heshima, ninayo ya kunitosha.
Naomba pa kuweka miguu
siku nyingine nikisema hapana."

Kura ishirini na tisa. Na ishirini na tisa.
Mwenyekiti akakohoa, akaipeleka hoja kwa kamati ndogo
itakayotoa ripoti theluji ikiyeyuka.
Huku kwetu huyeyuka Mei,
mwezi ambao kamati huenda likizo.

Tulitoka watatu, giza limeshaingia,
mimi, Aune, na Marisol na birika lake tupu,
tukavuka uwanja wa hoki kuelekea maegesho ya kijivu.
Hakuna aliyesema kitu hadi katikati.
"Mpishi," Marisol akasema.
"Nimesikia," akajibu Aune.

Kioo cha gari lake kilikuwa kimeganda.
Akapapasa mifuko, hakuona kikwaruzo,
akavua kadi ya kazi shingoni, ile yenye picha
ya zamani, nywele bado nyeusi,
akaanza kukwangua barafu kwa upande wa cheo.
Herufi zimelika. Sasa inasomeka *engineo*,
na ukitazama vibaya, *ngine*.

Tulisubiri hadi injini ikashika.